GPA 3.05 na MCAT 492: Njia ya mwombaji mmoja hadi shule ya udaktari ya DO

Mwombaji wa kisa hiki ni Mtanzania anayeishi Marekani. Nimemwita Rehema, si jina lake. Jimbo lake sikulitaja, na vyuo vyote vimebaki bila majina. Namba nimeziacha, maana ndizo zinazofundisha. GPA ni wastani wa alama za chuo, ambapo A zote ni 4.0; MCAT ni mtihani wa kuombea shule ya udaktari; DO na MD ni shahada mbili za udaktari zinazotolewa Marekani.

Kila mzazi anayenipigia simu kuhusu shule za udaktari huuliza swali lile lile: "Zinatakiwa alama ngapi?" Rehema naye aliuliza hivyo, akajibiwa kwa namba moja, akaishika, na ikampotezea mwaka mzima.

Usuli

Rehema alimaliza kidato cha nne nyumbani, akawafuata wazazi Marekani baada ya familia kupata grini kadi. Sekondari aliimalizia huko, kisha akaingia chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili vyenye ada nafuu, huku usiku akifanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Anatoka zamu saa moja asubuhi, na maabara inaanza saa mbili na nusu. Ukiitazama ratiba hiyo hutashangaa kuona zile C za mwanzo, wala D ya fizikia. Alipohamia chuo kikuu cha jimbo akapata F ya kemia ogania, akairudia na kupata C. Mwaka wa mwisho alipunguza zamu, B zikaongezeka, A zikaanza kuonekana, akahitimu shahada ya biolojia.

Habari za DO alizipata kazini. Daktari mkuu wa nyumba ile alikuwa na herufi hizo baada ya jina lake badala ya MD. Rehema alidhani ni cheo kidogo, mpaka alipomwona akiandika dawa, akisaini vyeti vya vifo na kuwaelekeza wauguzi kama daktari mwingine yeyote.

Na ndivyo ilivyo Marekani. Tiba ya DO, inayoitwa osteopathia, ilianzishwa na daktari Andrew Taylor Still, ambaye shule yake ya kwanza ilifunguliwa mji wa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Leo DO husoma miaka minne kama MD na kupata leseni kamili katika majimbo yote 50. Juu ya hayo huongezewa takriban saa 200 za kujifunza kupima na kutibu kwa mikono. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo wako katika shule za DO, na tangu 2020 mafunzo ya hospitalini baada ya shahada yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati kwa DO na MD. Baba mdogo wa Rehema, mkazi wa Uingereza, alipinga sana: "Huyo si daktari, ni mnyoosha migongo." Kwa huko aliko hakukosea, kwani Uingereza watu wa fani hiyo si madaktari. Ubishi huo uliisha alipoonyeshwa mtaala wenyewe.

Sasa namba. Wanaoingia shule za DO kwa wastani huwa na GPA karibu 3.6, ya masomo ya sayansi karibu 3.5, na MCAT karibu 504. Upande wa MD wastani ni GPA karibu 3.8 na MCAT karibu 512. Shule nyingi za DO zina pia kizingiti cha chini, na hapa ndipo penye mtego. Mtu mmoja katika kundi la WhatsApp la Waafrika Mashariki alimwambia Rehema kwamba "DO wanachukua kuanzia 3.0". Ni kweli kwamba zipo shule zinazotaja 3.0 kama kiwango cha kukubali kulisoma faili lako. Lakini kusomewa faili ni jambo moja na kupewa nafasi ni jingine.

Maombi ya mara ya kwanza

Kwenye ukurasa wa chuo kikuu chake GPA ya Rehema ilisomeka 3.24, akaamini yuko salama. Chuo kile, alipoirudia kemia ogania, kiliiondoa F kwenye hesabu. Alama za chuo cha jamii nazo hakikuzihesabu.

Maombi ya DO hupitia mfumo mmoja unaoitwa AACOMAS. Mfumo huo hukusanya alama za kila chuo ulichosoma, hata ulikokaa muhula mmoja, na kuzihesabu upya. Zamani, ukirudia somo, AACOMAS ilichukua alama mpya na kuiacha ile ya zamani. Huo ndio uliokuwa mvuto mkubwa wa DO kwa watu walioanza vibaya. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2017. Tangu hapo kila jaribio linahesabiwa, F na C ya kulirudia zikikaa bega kwa bega. Ushauri wa "rudia tu, itafutika" bado unazunguka kwenye jamii zetu, na wanaoutoa wengi ni watu waliofanikiwa kwa utaratibu wa zamani, kwa hiyo wanasema kwa uhakika kabisa.

AACOMAS ilipomaliza hesabu, GPA ikawa 3.05. Ya sayansi ilikuwa 2.75. Alikuwa na A ya takwimu na A ya kalkulasi, lakini hisabati haimo katika hesabu ya sayansi ya AACOMAS.

MCAT aliifanya mwishoni mwa Agosti. Mtihani huu huchukua takriban saa saba na nusu pamoja na mapumziko. Una sehemu nne, kila moja ikipimwa kati ya 118 na 132, jumla 472 hadi 528, na nusu ya watahiniwa huwa chini ya 500 hivi. Rehema alisoma vitabu majira yote ya kiangazi, ila hakuwahi kukaa chini akafanya jaribio kamili kwa saa. Alipata 492: kemia na fizikia 122, usomaji na uchambuzi wa maandishi 120, biolojia na baiokemia 124, saikolojia na sosiolojia 126. Karibu watu watatu katika kila wanne walimzidi. Mwisho wa mtihani kompyuta huuliza kama unataka matokeo yahesabiwe au yafutwe. Hakuwa amesikia habari za swali hilo, akabonyeza yahesabiwe ili akalale.

Kisha ratiba. AACOMAS hufunguliwa mapema Mei, na shule nyingi husoma mafaili na kugawa nafasi kadiri yanavyofika. Matokeo ya MCAT ya Agosti hutoka mwishoni mwa Septemba. Juu ya hapo, chuo cha jamii kilikataa kutuma transkripti, yaani nakala rasmi ya alama, kwa sababu ya deni dogo la ada ya maabara ambalo Rehema hakujua lipo. Kufikia faili kukamilika, ilikuwa Novemba.

Na orodha ya shule haikumsaidia. Alichagua saba: nne za DO, mbili za MD pwani ya mashariki ambako wastani wa MCAT wa wanaoingia unapita 510, na moja ya umma ya Texas kwa sababu ana shangazi Houston. Shule za umma za Texas zina mfumo wao wa maombi, na nafasi kwa wasio wakazi wa jimbo haziruhusiwi kuzidi asilimia 10. Kuwa na shangazi hakukufanyi mkazi.

Hakuitwa kwenye usaili hata mmoja.

Uamuzi wa familia

Majira ya kuchipua yaliyofuata familia ilikaa kikao. Mezani kulikuwa na mambo matatu.

La kwanza lilikuwa shule ya udaktari ya visiwa vya Karibiani, ambayo ilikuwa tayari kumchukua na hiyo hiyo 492, mradi alipe amana ndani ya wiki chache. Baba aliipenda. "Mwanangu, udaktari ni udaktari. Hawa wamekukubali, hao wengine wanakuzungusha." Rehema hakumbishia mbele ya watu. Alirudi siku ya pili na takwimu. Nikitumia za baadaye kidogo, za mgawanyo wa nafasi za mafunzo ya hospitalini wa 2024, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa DO waliopata nafasi walikuwa asilimia 92.3, na wa MD 93.5. Raia wa Marekani waliosomea udaktari nje walikuwa asilimia 67. Tena hao ni waliofika mwisho. Aliyeacha shule mwaka wa pili akiwa na deni hamo katika hesabu hiyo. Mama aliuliza swali moja tu: deni analipa nani mtu asipopata nafasi? Amana haikutumwa.

La pili lilikuwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja inayofuata mtaala wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Ni njia nzuri kwa wengine. Kwa Rehema ilikuwa ghali, na AACOMAS huhesabu alama za uzamili pembeni, haziingii katika GPA ya shahada ya kwanza. Kwa mtu mwenye 2.75 ya sayansi, ile 2.75 ingebaki pale pale ikimtazama kila msomaji wa faili.

La tatu ndilo alilolichagua: kurudi chuo kikuu bila kutafuta shahada nyingine, na kuchukua masomo magumu ya sayansi.

Hesabu ya GPA

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu, kwa sababu nimeona watu wakitumia maelfu ya dola bila kuipiga.

Kila somo lina krediti zake, na kila krediti huleta pointi: A ni 4, B ni 3, na kuendelea hadi F, ambayo ni 0. Rehema alikuwa na krediti 124 na pointi 378. Ukigawanya unapata 3.05. Za sayansi zilikuwa krediti 56 na pointi 154, yaani 2.75. Alichukua krediti 30 mpya, zote za sayansi, kwa mihula mitatu. Krediti 22 zilikuwa A na 8 zilikuwa B, jumla pointi 112. Kwa hizo 30 peke yake GPA ni 3.73.

Jumla mpya ikawa pointi 490 kwa krediti 154: 3.18. Sayansi, pointi 266 kwa krediti 86: 3.09.

Yaani mwaka mzima na zaidi wa kusoma kwa nguvu uliisogeza GPA ya jumla kwa 0.13. Ya sayansi ilisogea kwa 0.34, kwa sababu krediti zake za zamani zilikuwa chache. Ndiyo maana hakupoteza krediti hata moja kwenye somo lisilo la sayansi, ingawa mshauri mmoja wa chuo alimpendekezea masomo mepesi "ya kuinua wastani".

Alirudia somo moja tu, ile fizikia ya D, kwa kuwa shule nyingi hazipokei alama chini ya C kwa somo la lazima. Safari hii alipata B. C ya kemia ogania aliiacha kama ilivyo. Ushauri aliopewa na wengi ulikuwa airudie tena, na naona alifanya vizuri kuukataa. A ya somo la mwaka wa pili lililorudiwa mara ya tatu haimshawishi mtu. A ya baiokemia humshawishi, kwa sababu ndicho atakachokutana nacho wiki za kwanza za udaktari. Masomo mengine yalikuwa fiziolojia, mikrobiolojia, jenetiki, baiolojia ya seli, imunolojia na anatomia, ambayo ndiyo B ya pili.

Zamu za usiku alizikata zikabaki za mwisho wa wiki. Pengo la mshahara lilizibwa na kaka yake, na bila hilo mpango wote usingesimama.

MCAT ya pili

Mtihani huu unaruhusiwa kufanywa mara tatu kwa mwaka, nne katika miaka miwili mfululizo, na saba maishani. Watu husoma ruhusa hiyo kama mwaliko. Shule huona majaribio uliyofanya, na kila moja ina desturi yake: ipo inayochukua la juu zaidi, ipo ya la mwisho, ipo inayopiga wastani. Rehema angeweza kumudu jaribio la pili. La tatu lingekuwa na maelezo marefu.

Alijiandikisha kwa Januari. Desemba akafanya majaribio kamili mawili kwa saa, akapata 497 na 499, na baba akamwambia aende tu, Mungu atasaidia. Akaahirisha hadi Aprili, akalipa ada ya kubadilisha tarehe, na akajiwekea sharti kwamba hatakaa mtihani kabla majaribio matatu mfululizo hayajampa zaidi ya 503. Katika kisa chote hiki, huo ndio uamuzi ninaoupa uzito mkubwa zaidi. Mwisho wa Machi sharti lilitimia.

Sehemu iliyomtesa ni ile ya usomaji: maswali 53 kwa dakika 90, vifungu vya falsafa, sanaa, historia na siasa, na hakuna ulichokariri kitakachokusaidia. Waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili mara nyingi huambiwa tatizo ni msamiati. Kwa Rehema halikuwa hilo. Alikuwa anasoma kila sentensi kama mtu anayejibu maswali ya sayansi, akitafuta ukweli, wakati anachoulizwa ni mwandishi anataka nini na anampinga nani. Alianza kusoma makala za hoja kila siku na kuandika sentensi moja: huyu anabishana na nani? Ilisaidia, ingawa haikumaliza tatizo.

Aprili alipata 505: kemia na fizikia 126, usomaji 123, biolojia 128, saikolojia 128. Sasa yeye ndiye aliyewazidi karibu theluthi mbili ya watahiniwa.

Maombi ya pili na matokeo

Deni la chuo cha jamii lilikwisha kulipwa, na transkripti ziliombwa mwezi Mei, siku chache baada ya mfumo kufunguliwa. Faili lilikamilika Juni. Shule zilikuwa 14, zote za DO. Hakuzichagua kwa majina. Alianza na shule ya jimbo lake, inayopendelea wakazi, kisha shule ambazo viwango vyake vya chini alivipita vyote vitatu, GPA, sayansi na MCAT, halafu zile zinazosema wazi kwamba zinatafuta madaktari wa vijijini na wa wazee. Hiyo ya mwisho hakuwa na haja ya kuitungia hadithi. Barua ya mapendekezo ya daktari wa DO iliandikwa na yule daktari mkuu wa nyumba ya wazee, aliyemfahamu kwa miaka.

Gharama ilikuwa kubwa: karibu dola 200 kwa shule ya kwanza na takriban 60 kwa kila nyingine, kabla ya ada ya fomu za pili zinazotumwa na shule zenyewe.

Aliitwa usaili na shule nne. Moja ilimkataa, mbili zikamweka orodha ya kusubiri, moja ikamkubali mwezi Januari. Aliyemsaili alimwambia kwamba kamati ilizungumza zaidi kuhusu zile krediti 30 kuliko kuhusu 3.18.

Uchambuzi

Ukiangalia namba za mwisho tu, Rehema alikuwa chini ya wastani wa wanaoingia kwa GPA zote mbili, na MCAT yake ilikuwa ya kawaida. Kwa jedwali la namba asingepaswa kuwa na matumaini makubwa. Kilichomwingiza ni mpangilio wa alama katika muda. Wastani unaficha lini alama zilipatikana, lakini msomaji wa faili haoni wastani peke yake, anaona mihula. C za miaka ya mwanzo zikifuatiwa na 3.73 ya masomo magumu zinaeleza jambo tofauti kabisa na B na C zilizotapakaa mwanzo hadi mwisho, hata kama jumla zinalingana. Hizo 30 zilijibu swali ambalo kamati ilikuwa nalo: huyu ataumudu mwaka wa kwanza?

MCAT ilifanya kazi nyingine. Alama 13 zaidi zilimtoa kwenye kundi la mafaili yasiyofunguliwa. Ila naamini 505 ile ile, bila zile krediti 30, ingemwacha pale pale alipokuwa. Na krediti 30 na 492 zingemwacha hivyo hivyo.

Kuna la ratiba. Mara ya kwanza alishindwa kabla hata ya alama kuangaliwa vizuri; faili lililokamilika Novemba linagombea viti vilivyobaki. Siwezi kusema kwamba angepita kwa 492 kama angewahi. Asingepita. Lakini wapo waombaji wenye 506 na GPA 3.5 wanaokosa kwa sababu hiyo hiyo na kudhani tatizo ni alama, wakarudi kufanya mtihani ambao hawakuhitaji kuurudia.

Kilichoshindwa mara ya pili? Usomaji ulibaki 123, na shule moja kati ya zilizomweka orodha ya kusubiri ilimweleza wazi kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyomrudisha nyuma. Angeweza kuianza mapema; aliiacha hadi Februari kwa kuwa kemia ilimtisha zaidi. Fomu za pili za shule tatu alizirudisha baada ya wiki sita, na hakuna kati ya hizo iliyomwita. B mbili zilikuja muhula aliokubali tena zamu za katikati ya wiki, kumsaidia mwenzake kazini.

Kuna sehemu mbili za kisa hiki ambazo si kila mtu ataweza kuziiga. Rehema ana ukazi wa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati mkopo wa serikali ya shirikisho, na baadhi ya shule hazimpokei kabisa, kwa hiyo aanze kwa kuchuja orodha kwa kigezo hicho kabla ya kutazama alama. Pili, Rehema alianza shule wakati mkopo wa serikali uliweza kufunika gharama yote. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026, mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali uliofunika gharama yote, haupo tena, na kiwango cha juu kwa masomo ya udaktari ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Katika shule nyingi binafsi za DO ada peke yake inapita 50,000, kabla ya kodi ya nyumba na chakula. Kwa hiyo shule ya umma ya jimbo lako, ambayo kwa Rehema ilikuwa moja tu kati ya 14, huenda sasa ndiyo ya kuijengea orodha nzima.

Ameingia mwaka wa pili. Somo lililomwelemea mwaka wa kwanza lilikuwa anatomia, lile alilopata B.